Beji ya Kutwanga

Paroko wetu alinituma kwenye kongamano la kitaifa la viongozi wa skauti Wakatoliki kwa sababu alitaka kupumzika.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na nimekaa nyumbani Dar es Salaam bila kazi. Waliotutangulia walikuwa wakimaliza chuo wanakuta serikali imeshawapangia vituo. Sisi tulimaliza miaka ya ruksa, serikali ilipoliachia soko, tukaambiwa ni ruksa kujitafutia. Muda nilikuwa nao mwingi, na nilikuwa nikiutumia kwenye mikutano ya vijana wa parokia kuuliza maswali. Kama Mungu anajua haja zetu kabla hatujasema, kipaza sauti ni cha nini? Shahidi wa habari za Yona tumboni mwa samaki ni nani, Yona au samaki? Paroko alinivumilia mpaka Jumapili niliyotaka kujua kama malaika wana vitovu.

"Mwanangu," alisema, "kuna kongamano Morogoro. Watakuwapo mapadre wa nchi nzima. Waulize hao."

Sikuwa skauti, lakini hilo halikumsumbua. Aliniteua papo hapo kuwa msaidizi wa kiongozi wa kundi letu, mwalimu wa shule ya msingi ambaye nitamwita Mwalimu tu, maana hata mkewe alimwita hivyo. Alikuwa mtu wa makamo mwenye miguu myembamba, na kaptula ya skauti ilimfanya aonekane kama mtu aliyeazima miguu ya mwanawe. Alikuwa amepitia hatua zote za mafunzo ya uongozi, moja baada ya nyingine, kwa miaka, akitumia likizo zake. Kilichobaki ni kuvishwa shanga mbili za mbao zilizotungwa kwenye kamba ya ngozi. Kwa skauti, kiongozi aliyevaa shanga hizo amehitimu. Angevishwa huko Morogoro, Jumamosi, na padre mlezi wa taifa.

"Shanga mbili tu?" nilimuuliza ndani ya basi. "Mbona dada zetu wanavaa mia kiunoni na hakuna kongamano?"

"Msomi," alisema, "kula mahindi yako."

Tulikuwa tumesimama Mikese, na dirishani walikuwa wanauza mahindi ya kuchoma. Milima ya Uluguru ilikuwa imeanza kuonekana mbele, na nadhani ndiyo iliyomfungua mdomo. Alizaliwa huko juu, kwenye kijiji cha misheni, mtoto wa mkulima wa kabichi na karoti. Alipofaulu kwenda seminari ndogo, mama yake alihamia benchi la mbele kanisani, kwa kuwa mama wa padre mtarajiwa hakai nyuma. Mwaka haukuisha, walimu wa seminari wakamrudisha. Walisema hana wito.

"Walinirudisha siku ya soko," alisema. "Mlima mzima unateremka na mboga, mimi napanda na sanduku la bati kichwani. Kila niliyepishana naye alinisalimia mimi, halafu akaliangalia sanduku. Mama hajakaa benchi la mbele tangu siku ile."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi anakuja. Nimemwambia ni shughuli ya kanisa, kuna padre mkubwa, na mwanao anavishwa kitu. Safari hii nataka akae mbele."

Nilimkatia nusu ya hindi langu.

Sasa niseme habari za shati lake. Sare mpya za skauti zilikuwa hazipatikani, lakini mitumba ilikuwa imeingia kwa marobota, na ndani ya marobota, katikati ya makoti ya baridi na sidiria za kutisha, zilikuwamo sare za skauti wa Ulaya na kwingineko. Mwalimu alikuwa amepata shati la kaki safi kabisa, ila lilikuja na beji zake. Mkono wa kushoto ulikuwa umejaa: sufuria juu ya moto, msalaba wa huduma ya kwanza, na beji moja ya bluu iliyomshinda kila mtu. Ilikuwa na kilima cheupe, na mbele yake vitu viwili virefu vilivyopishana.

"Michi," Mwalimu alinieleza, akigusa beji kwa kidole. "Michi miwili, na kilima cha unga. Hii ni beji ya kutwanga."

"Wazungu wanatwanga?"

"Kila anayekula unga, kuna mtu ametwanga."

Alikuwa amewahi kujaribu kuing'oa moja, ile ya ukingoni, na chini yake kitambaa kilikuwa na rangi nzito kuliko shati lote, duara jeusi kama doa. Aliishona tena haraka. Alisema mtu mwenye doa kama lile begani anaonekana kama askari aliyevuliwa cheo, na yeye ameshavuliwa mara moja maishani, inatosha.

Kongamano lilikuwa kwenye kituo cha kanisa pale Bigwa, mlima unapoanzia. Kulikuwa na ukumbi, bweni, jiko la watawa, na nyuma yake shamba lao la mboga lililopanda mlimani kidogo kidogo. Viongozi kutoka majimbo yote walikuwa wanasalimiana kwa mkono wa kushoto, kama skauti wanavyofanya dunia nzima. Nilimuuliza mtu wa Songea kwa nini wa kushoto. Akasema ndio ulio karibu na moyo. Nilipotaka kujua mbona tunakula kwa wa kulia wakati tumbo liko katikati, alikwenda kukaa meza nyingine.

Padre mlezi alikuwa mzee mpole aliyevaa sweta la sufu mchana kutwa, kwenye jua la Morogoro. Alikuwa amesoma miaka mingi nchi ya baridi na hakuwa amerudi kikamilifu. Kila mahubiri yake yalianza, "Nilipokuwa kule kwenye theluji..." Kule kwenye theluji alijifunza subira, kule kwenye theluji aliiona huruma ya Mungu, na kule kwenye theluji, ilionekana, hakuna aliyewahi kumpokonya kipaza sauti.

Lakini mwenye kongamano alikuwa Mama Kamishna. Alikuwa mkuu wa shule ya wasichana, mnene, amenyooka, na filimbi yake ilining'inia shingoni juu ya rozari. Kazi yake ilikuwa sare na nidhamu. Ijumaa jioni alipanda jukwaani, akatutazama safu kwa safu, akapuliza filimbi ingawa tulikuwa tumeshanyamaza.

"Nimeona mambo humu," alisema. "Namwona mzee mzima amevaa beji ya vibinti vya skauti wa Uholanzi. Namwona mwingine ana beji ya kupanda farasi, na jimbo lake hata punda hawafiki. Ruksa imeingia sokoni, sawa. Haijaingia kwenye sare. Beji ni ujuzi. Kesho baada ya chai kila mwenye beji ataonyesha ujuzi wake mbele ya wote. Akiweza, abaki nayo. Asipoweza," akanyanyua kitu kidogo kilichometameta, "wembe huu hapa. Ataifumua mwenyewe, jukwaani, ndipo shughuli nyingine ziendelee."

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa ameushika mkono wake wa kushoto kama aliyechomwa sindano.

Usiku mvua ilinyesha, na asubuhi mlima ulikuwa unatoa mvuke. Baada ya chai ukumbi ulijaa. Mwenye farasi alijitetea kwamba aliwahi kukaa juu ya ng'ombe; akapewa wembe. Mzee wa vibinti vya Uholanzi aliuchukua mwenyewe bila kuitwa. Kisha likaja jina la parokia yetu.

Mwalimu alianza vizuri. Kwa beji ya sufuria alikuwa ameshachemsha chai ya meza kuu, na Mama Kamishna alikiri ilikuwa na tangawizi ya kutosha. Kwa beji ya huduma ya kwanza alihitaji majeruhi, akanichagua mimi. Aliamua nimevunjika taya. Akanifunga skafu kutoka kidevuni mpaka utosini, akakaza, na nikagundua siwezi kusema chochote. Ukumbi ulipiga makofi ambayo kwa kweli yalizidi ujuzi wenyewe.

"Safi sana," alisema Mama Kamishna. "Hiyo iache hapo hapo. Tuendelee."

Kwa beji ya tatu Mwalimu alileta kinu kutoka jiko la watawa, mahindi, na mchi mkono huu na mchi mkono huu. Akavua kofia, akatwanga. Alitwanga kwa zamu, kulia, kushoto, kulia, kushoto, bila kugonganisha, na akina mama wa Mbeya wakaanza kumwimbia. Mama Kamishna aliisogelea beji, akatazama michi, akatazama kilima cha unga. Alikuwa anaanza kutikisa kichwa kukubali.

Nami nilikuwa nimeshaona picha ile. Ilikuwa kwenye jarida moja la kigeni maktaba ya chuo: watu wenye miwani myeusi, wanaserereka mlima mweupe juu ya mbao mbili. Beji ilionyesha mbao zile zile, hata zilivyopinda ncha. Najua mtu mwingine angekaa kimya, na kitambaa nilikuwa nacho tayari. Lakini kuna watu hawawezi kuona picha imetundikwa upande wasiinuke kuinyoosha. Niliilegeza skafu kidevuni.

"Samahani," nilisema. "Ile si michi."

Akina mama wa Mbeya walikatisha wimbo. Mchi wa kushoto wa Mwalimu ulibaki hewani.

"Ni nini?" aliuliza Mama Kamishna.

"Ni mbao za kuserereka kwenye theluji. Wanazifunga miguuni. Na ule si unga. Ni mlima."

"Msomi," alisema Mwalimu polepole, "hiyo taya imepona lini?"

Mama Kamishna alimgeukia padre mlezi. "Padre, wewe ulikuwa huko. Ni kweli?"

Padre alivaa miwani, akaishika beji muda mrefu. "Ni kweli," alisema, na kwa namna fulani hakufurahi kama nilivyotarajia mtu wa theluji afurahi.

"Basi, Mwalimu," alisema Mama Kamishna. Hakuwa mkatili, alikuwa mtu wa sheria. "Ujuzi wa beji hii ni kuserereka kwenye theluji. Theluji hatuna. Wembe tunao."

Wakati huo huo mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia bibi mfupi aliyejifunga khanga moja kiunoni na nyingine mabegani, na nyuma yake wanawake wenzake wawili wa kijijini. Walikuwa wamebeba vikapu vya kabichi, kwa kuwa Jumamosi ni siku ya soko, na huwezi kuteremka mlima mikono mitupu. Mtu wa Songea akakimbilia kuwapokea, akampa bibi mkono wa kushoto. Bibi akautazama, akaweka wa kwake nyuma ya mgongo. Akanyooshewa mwingine wa kushoto, na mwingine.

"Humu," aliwauliza wenzake kwa sauti ya watu wa mlimani, inayopanda mwishoni, "wote wamevunjika mikono ya kulia? Na yule kijana je, kavunjika taya?"

Akatembea moja kwa moja mpaka benchi la mbele, akakaa, akawavuta wenzake wakae pembeni yake, akaweka kapu miguuni. Kisha akamwona mwanawe. Macho yake yaliteremka mpaka kwenye kaptula.

"Mwalimu mzima," alisema.

Mwalimu alimtazama mama yake, akautazama wembe kwenye kiganja cha Mama Kamishna. Wale wanawake wawili, aliniambia baadaye, wote walipishana naye siku ile ya sanduku. Nilijua atauchukua, na nilijua nani kausogeza wembe ule karibu yake, nikaanza kutafuta hoja yoyote ya kisheria, kitu chochote nilichosoma. Sikupata. Yeye ndiye aliyepata.

"Mama Kamishna, nauliza. Beji hii ina neno theluji mahali popote?"

Akaisogelea. "Haina maandishi."

"Inaonyesha nini?"

"Mlima. Na vitu viwili vya kuserereka."

Mwalimu akanyoosha mkono dirishani, kule nyuma ya jiko, ambako njia ya wenye mashamba ilishuka kutoka mlimani, nyekundu, imelowa, inang'aa. "Mlima ule pale," alisema. "Naomba panga na mgomba uliokwisha kuzaa."

Mama Kamishna alifikiri. Nampa heshima yake, alifikiri kweli, akaigeuza sheria huku na huku kama mtu anayekagua papai. Kisha akapuliza filimbi, na kongamano zima likatoka nje.

Watoto wa Uluguru wote wameserereka kwa ganda la mgomba. Ukilibandua kwenye shina bado bichi, ndani lina ute unaoteleza kuliko sabuni, na lina mkunjo wa asili kama mtumbwi. Wanakaa juu yake, wanashikilia ncha, wanateremka wakipiga kelele. Lakini wanakaa. Beji ilikuwa na mbao mbili, na mbao mbili maana yake ni kusimama, na Mwalimu alisema kwamba skauti hapunguzi beji. Tulipanda naye mpaka juu ya shamba la watawa. Akanyoosha miguu, nikamfunga ganda huku na ganda huku kwa skafu mbili za kuazima.

"Hili ni fundo gani?" aliniuliza.

"Sijui. Nimelifunga tu."

"Wewe ni msaidizi wa kiongozi wa skauti."

"Niliteuliwa."

Alifumba macho kidogo, nadhani akisali. Kule chini watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili za njia, na mbele yao wote mama yake alikuwa amesimama, mkono umeziba jua. Alipotambua kinachotaka kutokea, sauti yake ilipanda mlima bila msaada wowote.

"Wee! Shuka hapo! Nilikuchapa kwa hilo hilo!"

Mwalimu alishuka.

Alishuka amesimama. Hilo nitalitetea popote. Magoti yamekunjwa, mikono imetanuliwa, kaptula inapepea, alipita migomba, akapita karoti za watawa, akachukua kona ya kwanza kama aliyezaliwa nayo. Kwenye kona ya pili fundo langu la kushoto lilifunguka. Ganda likamtangulia. Akaendelea na mguu mmoja, ule mwingine ukiwa hewani unatafuta pa kukaa, na kwa kitambo kidogo alikuwa mtu mwenye madaha kuliko wote niliowahi kuwaona. Kisha akaingia kwenye maharage. Ganda la kushoto lilifika chini peke yake na kusimama taratibu mbele ya viatu vya Mama Kamishna.

Maharage yalitikisika, akatoka mtu mwekundu kuanzia nywele mpaka soksi. Hakuna aliyecheka; wote walikuwa wanasubiri kujua kama ni ruhusa.

"Ameanguka," alisema Mama Kamishna, na mkono wenye wembe ukawa haujui uende wapi. "Padre, sema wewe. Kule huwa wanafanya hivyo?"

Padre mlezi alivua miwani, akaifuta kwa sweta. "Miaka yote niliyokaa kule," alisema, "nilipanda juu mara moja. Wenzangu walinifunga zile mbao, wakanielekeza." Akajigusa goti. "Niliteremshwa kwa machela. Mguu huu unauma mpaka leo kukiwa na baridi. Huyu amefika nusu ya mlima amesimama. Mama, mwache na beji yake."

Hapo ndipo wote walipocheka, na padre akicheka kuliko wote, kama mtu aliyetua mzigo wa theluji ya miaka mingi. Mama Kamishna aliufunga wembe kwenye karatasi yake.

Kumbe tatizo lilikuwa bado. Kaptula ya Mwalimu ilikuwa imechanika nyuma kutoka mshono mpaka mshono, na shughuli ya shanga ilikuwa inaanza, kwa kuwa padre alikuwa na safari. Nilimpa yangu, haikufunga kiunoni. Mama yake alitusukuma, akafungua khanga ya mabegani, akamfunga mwanawe kiunoni mbele ya majimbo yote, akamkung'uta tope matakoni kwa kiganja, kwa nguvu kuliko tope lilivyohitaji.

Basi akavishwa hivyo. Juu shati la kaki na beji zote, chini khanga ya maua ya njano. Mama Kamishna, aliyesimama pembeni kusimamia sare, aliitazama ile khanga kutoka juu mpaka kwenye pindo. Aliinua filimbi. Akamtazama bibi wa benchi la mbele, ambaye alikuwa amekaa wima, mikono magotini, hapepesi macho. Filimbi ikarudi kifuani.

Padre alipomvisha zile shanga, wale wanawake wawili walipiga vigelegele vilivyosikika, nadhani, mpaka mjini. Bibi hakupiga. Alimgeukia wa kulia kwake, akamgeukia wa kushoto, kuhakikisha kwamba wote wawili wanaona.

Mchana nilidhani tutakula wali wa kongamano. Bibi alikataa. Alitaka mwanawe apande nyumbani sasa hivi, kwa njia ile ile, wakati watu wanarudi kutoka sokoni, na apande kama alivyo. Mwalimu alijaribu kusema kwamba abadili nguo. Hakumaliza. Tulianza kupanda, yeye mbele na shanga zake shingoni na khanga kiunoni, akiitikia salamu kila kona na kusalimia wazee shikamoo, mama yake akimfuata hatua moja nyuma. Kila aliyesimama kumtazama, bibi naye alisimama, akamwachia muda wa kutosha.

Mimi nilikuwa nyuma yao, nahema. Kwenye pumziko moja nilishindwa kujizuia.

"Shikamoo bibi. Hivi unajua zile shanga ni za nini?"

"Marahaba. Aliyempa anajua," alisema. Alinitazama, skafu bado iko kidevuni. "Wewe ndiye uliyefunga lile ganda la kushoto?"

Nikasema ndiyo.

Akanitwika kapu la kabichi ambazo hazikuuzwa. Zilikuwa nyingi, kwa kuwa siku hiyo hakufika sokoni, na tukaendelea kupanda.